Mfuko wa dawa za Babu

*Rehema:* Shikamooni wakubwa. Ndiyo natoka wodini. Babu kalala, nyonga haijavunjika. Ila leo mfamasia kaja mpaka kitandani, katuhoji hadi jasho limenitoka 😅

*Mjomba:* Marahaba. Mfamasia si wa dirishani? Kitandani kafuata nini?

*Rehema:* Anataka kila anachomeza nyumbani, cha dukani na mizizi pia. Nikamwaga mfuko: aina 11.

*Mama Mdogo:* 11?? Mimi najua tano

*Rehema:* Sikilizeni sasa. Presha ilipanda, akaongezewa amlodipini. Ikamvimbisha miguu. Kliniki nyingine ikaona uvimbe, ikampa furosemidi, ile ya kukojoza. Ikawa usiku kucha ni yeye na choo. Ndiko alikoangukia.

*Mjomba:* Yaani dawa inatibu dawa!

*Rehema:* Na presha ilipandishwa na nini? Kuna mtu humu alikuwa anampa ibuprofeni ya magoti 👀

*Mama Mdogo:* 🚫 Ujumbe huu umefutwa

*Mama Mdogo:* Haya ni mimi. Baba alikuwa halali kwa maumivu, ningefanyaje?

*Rehema:* Hulaumiwi, Mama. Ila ile huzuia chumvi na maji mwilini, presha inapanda. Ikikutana na ya kukojoza, figo zinaelemewa. Sasa anapewa parasetamoli.

*Idi:* Na figo za miaka 81 si za 50. Dawa inakawia kutoka mwilini, dozi ileile inakuwa kubwa.

*Mjomba:* Je, kidonge cha mafua ninachompa apate usingizi?

*Idi:* Mjomba!! Klorfeniramini? Inawavuruga wazee akili. Imo kwenye orodha ya Beers, ile ya Marekani iliyoanza 1991, ya dawa za kuepushwa wazee.

*Mjomba:* Loo. Ndiyo maana juzi kaniita kwa jina la marehemu kaka yake. Nikadhani uzee.

*Mjomba:* Lakini kumwachisha mzee dawa si kumtelekeza?

*Rehema:* Hawakukata ovyo. Mfamasia kapendekeza, daktari kaandika. Amlodipini imepunguzwa, furosemidi imesimamishwa huku wakipima presha, miguu na figo. Ya kuzuia damu kuganda haikuguswa, ila kasema hiyo na ibuprofeni pamoja zingeweza kumtoa damu tumboni.

*Mama Mdogo:* Ya Rabi 🤲🏾

*Rehema:* Akiruhusiwa tunapewa karatasi moja: dawa gani, saa ngapi, ya nini. Naibandika mlangoni mwake.

*Mama Mdogo:* Na ule mfuko?

*Rehema:* Kabaki nao mfamasia. Msiuulizie 😂