Mjadala: Kibali cha kufuga mondo unacho. Kinatosha?

Wakuu,

Kuna hoja inarudi kila tukizungumzia wanyama wa ajabu majumbani: "Wangu nimempata kihalali, karatasi ninazo, jirani hajalalamika, tatizo liko wapi?" Kwangu tatizo limo kwenye karatasi zenyewe. Zinaeleza mnyama ametoka wapi. Ataishije, na atakwenda kwa nani siku ukishindwa, hazisemi.

Kasuku wa kijivu, kwa mfano. Tangu 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumkamata porini na kumuuza nchi nyingine kibiashara ni marufuku. Aliyezaliwa tunduni kwa mfugaji aliyesajiliwa huuzwa kihalali kabisa. Haya, umemnunua. Ndege huyo anaweza kufika miaka 40 na zaidi. Akikosa mwenzake wala mtu wa kushinda naye, wengi huanza kujinyonyoa manyoya ya kifua mpaka ngozi inabaki tupu, na ya kichwani yanasalimika tu kwa sababu mdomo haufiki huko. Kibali chake kiko sawasawa muda wote huo.

Mondo naye. Uingereza wana sheria ya wanyama hatari ya mwaka 1976: leseni unaiomba halmashauri, daktari wa mifugo anakuja kukagua, na bima ni lazima. Wamejitahidi kuliko wengi. Ila bima ni ya jirani. Mondo ni paka wa nyasi ndefu, anawinda kwa masikio na kuruka juu kudaka ndege. Mlete sebuleni uone anavyokojolea kochi kuweka mpaka wake. Umkemee usimkemee, ndivyo alivyoumbwa.

Napendekeza tugeuze orodha. Nchi nyingi zinaandika wanaokatazwa, na asiyetajwa ni ruksa, kwa hiyo wauzaji wanatafuta spishi ambayo sheria haijaisikia. Ubelgiji na Uholanzi, kwa upande wa mamalia, wanaandika wanaoruhusiwa. Orodha ya Uholanzi ilianza kutumika Julai 2024 ikiwa na spishi 30. Kama hayumo, hafugwi.

Naomba kuwasilisha.

Tangi Baridi: Mleta mada, unatuweka wote kapu moja. Mimi nafuga aksolotli, yule salamanda wa Mexico asiyetoka majini. Porini amebaki kwenye mifereji ya Xochimilco na anakaribia kutoweka, ilhali matangini tele. Maji nayaweka chini ya nyuzi 20, nachuja, napima. Leo ukitufungia sisi, huo ujuzi wa kumlea unakwenda wapi?

Mleta mada: Mkuu, hapo nakuunga mkono nusu. Orodha niliyotaja ni ya mamalia, na hata ingepanuliwa, mnyama anayepata tangini karibu kila anachohitaji angeingia bila shida. Ila tusijipe uokozi. Aksolotli wengi wa matangini wana damu ya salamanda chui milia, spishi nyingine, waliyochanganywa nayo maabara miaka ya 1960. Huwezi kuwamwaga Xochimilco ukasema umerudisha spishi.

Njia Panda: Marufuku mnazipenda sana! Lorisi, jamaa wa komba wa huko Asia, yumo Kiambatisho cha I tangu 2007. Na bado anauzwa, meno yamekatwa kwa koleo ili asing'ate. Mkifunga mlango, biashara inapita dirishani.

Mleta mada: Kweli inapita. Lakini huyo lorisi alipendwa kwa video: anakunwa kwapa, ananyanyua mikono, watu wanacheka. Kumbe anajihami, anaifikia tezi ya sumu iliyo karibu na kiwiko. Mnunuzi aliyedhani mnyama anafurahi, hata kibali angekiomba kwa moyo mweupe.

Njia Panda: Sasa kibali kisichofaa na marufuku isiyozuia, tunabaki na nini?

Mleta mada: Na sharti moja ambalo ningeanza nalo kesho: jina na sahihi ya mtu wa pili atakayempokea mnyama, na sehemu yake ikaguliwe kama ya kwanza. Kumbukeni Zanesville, jimbo la Ohio, Marekani, Oktoba 2011. Mwenye wanyama alifungua vizimba kisha akajiua. Polisi walilazimika kupiga risasi karibu wanyama 50, wakiwemo simbamarara 18. Jimbo lilitunga sheria mwaka uliofuata. Wakati ule hakuna aliyekuwa ameulizwa mapema nani atawachukua.

Tangi Baridi, aksolotli anaweza kupita miaka 10. Wako umemwandikia nani?

Tangi Baridi: Dada yangu. Ila anamwogopa.