Buibui mweupe juu ya ua jeupe: anajificha au anajitangaza?

MpendaWadudu

Wakuu habari za muda huu. Naomba mwenye uelewa anisaidie hapa maana hili jambo limenikaa kichwani wiki nzima. Nilikua napiga picha ua jeupe, nikamuona nyuki katulia pale katikati hatikisiki, nikasema huyu nekta imemnogea. Nikasogea, nikasogea tena, bado katulia tu, mrija wake wa kunyonyea umening'inia nje. Kuangalia vizuri kumbe kashikwa nyuma ya kichwa na buibui mweupe pee, wale wanaotembea kiubavuubavu kama kaa, miguu minne ya mbele kaitanua kama anataka kumkumbatia mtu. Sasa hilo ua nilishalipiga picha tatu kabla ya hapo, nikazirudia moja moja nikazikuza, buibui yupo kwenye zote tatu na mimi sikumuona kabisa!

Mi nikajua ni kujificha basi. Ila jamaa yangu anaesoma mambo ya wadudu ananiambia inawezekana nyuki alikiona kile cheupe vizuri tu na ndo maana akaja. Hapo ndo nimekwama. Amuone adui halafu amfuate? Na kama anaonekana hivyo mbona mimi sikumuona?

Mzee wa Bustani

Huyo ni kujificha tu mkuu. Mcheki Misumena vatia, mmoja wa hao buibui wanaotembea kama kaa, jike akihamia kwenye maua ya manjano na yeye anageuka taratibu kuwa wa manjano, akirudi kwenye meupe anakua mweupe tena. Sio fasta kama kinyonga, inamchukua siku kadhaa na pengine wiki, maana hiyo rangi ya manjano lazima aitengeneze mwilini na wakati wa kurudi aiondoe. Mnyama hawezi kugharamika hivyo bure.

Nuru_na_Mbawa

Mzee wa Bustani uko sahihi kwamba habadiliki bure, ila kuna swali mmeliruka wote wawili: kamficha nani? Mpiga picha ana macho ya binadamu, nyuki hana hayo macho. Na yule buibui hakuvaa ile rangi kwa ajili yako.

Sisi tunaona mwanga wenye urefu wa wimbi kuanzia kama nanomita 400 hadi 700 hivi. Nyuki wa asali ana aina tatu za seli za rangi kama sisi, ila zake zimesogea chini: moja inashika zaidi kwenye 344 ambayo ni UV (urujuanimno), ya pili 436 ambayo ni bluu, ya tatu 544 ambayo ni kijani. Nyekundu kwake karibu ni giza, ila UV ambayo kwetu haipo yeye anaiona kama rangi kabisa. Sasa maua mengi tunayoyaita meupe yanafyonza UV, hayairudishi. Kwa hiyo kwa nyuki hilo ua sio jeupe, lina rangi yake ya bluu-kijani. Ukimuweka hapo buibui ambae kwetu ni mweupe lakini mwili wake unarudisha UV kwa nguvu, wewe unaona nyeupe juu ya nyeupe na nyuki anaona kitu kinawaka katikati ya ua. Yaani pale ambapo kwako kapotea kabisa ndo kwa nyuki kaonekana kuliko yote.

Na hii imepimwa. Mwaka 2003 watafiti walichapisha kazi yao juu ya Thomisus spectabilis, buibui wa aina hiyohiyo ya kaa wa Australia, waliwapa nyuki wa asali wachague kati ya ua lenye buibui na ua tupu, na nyuki wakapenda lenye buibui! Sasa kwa nini amfuate adui, hili ndo linanigusa kila nikilifikiria: nyuki hajui kama ni buibui. Maua mengi yana alama za UV zinazomuelekeza nyuki nekta ilipo, kwa hiyo macho yake yameshazoea kuvutwa na sehemu ya ua inayotofautiana na nyingine. Buibui kaingilia hayo mawasiliano kati ya ua na nyuki.

Ila tusiseme ndo sheria kwa wote. Nyuki wa asali Australia ni mgeni, kapelekwa kutoka Ulaya. Walipowajaribu nyuki wadogo wenyeji wa huko, na wenyewe walivutwa na ua lenye buibui, wakaja mpaka karibu, ila wengi hawakutua. Hao wameishi na yule buibui miaka na miaka. Halafu Ulaya kuna ndugu yake, Thomisus onustus, huyo akipimwa kwa macho ya nyuki anafanana kweli na ua alilokaa. Kwa hiyo majibu yote mawili yapo, inategemea buibui gani, ua gani na nani anatazama.

Na umbali pia. Nyuki haoni vitu vidogo vizuri. Ili aone rangi ya kitu inabidi kitu hicho kijaze pembe ya kama digrii 15 kwenye macho yake, piga hesabu, kitu cha sentimita 1 mpaka awe kwenye sentimita 4 hivi ndo anakiona kwa rangi. Hapo ameshafika mlangoni.

Salma wa Kioo

Nuru umeeleza vizuri sana, ila jamani buibui na wenyewe ni watazamaji, tusiwaache. Wale wadogo warukaji, ukimkuta mwenye rangi ya kupauka mtazame yale macho mawili makubwa ya mbele kwa lensi ya kukuza, utaona giza linahama kule ndani, jicho kwa nje limetulia lakini retina, yaani utando wa ndani unaopokea mwanga, ndo inatembezwa na misuli, anakukagua kipande kwa kipande.

Wengi wao wana seli za UV na kijani tu, sasa nyekundu wataionaje? Kwenye jamii moja ya hao warukaji, Habronattus, mwaka 2015 ilionekana baadhi ya seli za kijani zimekaa nyuma ya filta nyekundu humohumo ndani ya jicho, ndo zinapata kushika nyekundu. Na dume wa Habronattus pyrrithrix ana uso mwekundu na miguu ya mbele ya kijani, anaiinua akimtongoza jike. Watafiti wakaufunika ule wekundu, madume wakakataliwa zaidi, lakini ni juani tu! Kivulini haikuleta tofauti. Kwa hiyo ongezeni na swali la mwanga, rangi ileile sehemu moja inaongea na nyingine imenyamaza.

MpendaWadudu

Aisee. Nimesoma mara mbili. Sasa naweza kuiona hiyo UV kwa simu yangu? Nina tochi ya UV.

Nuru_na_Mbawa

Simu hapana, kioo na filta za ndani zinaizuia. Inatakiwa kamera iliyofunguliwa ikatolewa filta yake, halafu uweke ya kupitisha UV peke yake. Na tochi usiitumie kwa hili, ukimulika kitu gizani kikang'aa hicho ni kitu kinachofyonza UV na kutoa mwanga wa kawaida, sio kuirudisha. Watu wengi wanachanganya hapo. Bora ukae juani na daftari, chagua maua mawili ya mmea mmoja, moja lina buibui moja halina, andika tofauti wanaokaribia na wanaotua. Usiwachanganye hao, maana jibu lako liko kwenye hiyo tofauti.

MpendaWadudu

Nimeanza leo asubuhi. Kuna kanyuki kadogo keusi, sio yule wa asali, kamekuja moja kwa moja kwenye ua la buibui, kakasimama hewani kama upana wa vidole viwili hivi, kamemgeukia yeye kabisa, buibui kainua miguu. Kakakaa hapohapo hewani, kisha kakaondoka kakaenda kutua ua la pembeni. Nimekaandika kwenye safu ya waliokaribia.