Laki tano, dada kaolewa: mashine ya kufulia, au presha kuka na vidude vidogo?

BabaNasra (Kinyerezi)
Wakuu, habari za wikendi. Dada aliyekuwa anatusaidia nyumbani ameolewa mwezi uliopita. Tumemfunga kanga, tumemsindikiza, na sasa ndiyo tunajua nyumba ilikuwa imesimama juu ya mgongo wa nani. Mimi narudi saa mbili usiku. Mama watoto ni muuguzi, zamu zake leo asubuhi kesho usiku. Watoto watatu, wa mwisho ana miaka miwili na amegundua raha ya kumwaga vitu. Kuleta dada mwingine kwa sasa hapana.

Tumetenga laki tano. Tunabishana hivi:

A. Mashine ya kufulia ya mapipa mawili, moja la kufua, jingine la kukamulia, kilo 7. Kariakoo nimetajiwa laki tatu na nusu.
B. Presha kuka ya umeme ya lita 6, swichi ya floti ya tangi, na dekio lile la ndoo ya kuzungusha. Vyote havifiki laki tatu.
C. Tujikaze hadi mwezi wa kumi tuchukue otomatiki ya mlango wa mbele.

Mama watoto yuko C na hataki kusikia. Maji yetu ni ya kisima, pampu inapandisha kwenye simtanki ya lita 1,000, mnara wa mita tatu. Umeme wa LUKU tuko ile ya shilingi 356 kwa uniti. Nileteeni uzoefu, matangazo nimeshayaona.

MamaMapacha (Tabata)
Kaka, pole na hongera kwa arusi ya dada.

Mimi nina ya mapipa mawili mwaka wa tatu huu. Nikwambie ukweli ambao muuzaji hatakwambia: si mashine ya kuwasha ukaenda sokoni. Unajaza maji mwenyewe, unageuza kitasa dakika 15, unahamishia nguo pipa la pili, unakamua dakika tatu hadi tano, unarudisha kusuuza, unakamua tena. Uko pale pale unazunguka. Lakini mgongo hauumi, vidole havichubuki, na nguo ya mapacha wangu inatoka imekauka nusu. Msimu wa masika, wakati shuka ilikuwa inakaa kambani siku mbili inanuka uvundo, hapo ndipo utalibusu lile pipa la kukamulia.

Faida nyingine ni maji. Maji yale yale ya sabuni nafua nyeupe kwanza, halafu za rangi, halafu suruali za jinzi za kazini, mwisho namwagia choo. Otomatiki inamwaga kila raundi. Sisi tunaonunua maji ya boza yakikatika tunajua hiyo maana yake nini.

Mambo mawili ya kukukumbusha. Lile bomba la kutolea maji linategemea mteremko, kwa hiyo usifikirie kulinyanyua uliweke kwenye sinki. Mashine ikae juu kidogo ya mfereji. Na wakati wa kukamua panga nguo sawasawa kuzunguka pipa, weka kile kisahani cha plastiki juu yake, la sivyo itaanza kutembea sebuleni kama mgeni asiyejua choo kiko wapi.

Kibwiko
A. Mjadala umeisha.

FundiWaNyaya (Ubungo)
Haujaisha. Mkuu BabaNasra, hebu tuanze na C, kwa sababu hapo ndipo shemeji amesimama na heshima yake tuilinde.

Mashine ya mlango wa mbele inahitaji msukumo wa maji kwenye bomba. Mita kumi za kimo ndiyo kama bari moja, kipimo cha msukumo. Mnara wako wa mita tatu unakupa kama 0.3, zaidi kidogo tangi likijaa, pungufu likiwa tupu, na valvu ya mashine yenyewe iko juu ya sakafu. Kafungue kijitabu dukani usome kiwango cha chini cha msukumo kabla hujatoa hata senti. Nyingi zitataka zaidi ya ulicho nacho. Ikikosa msukumo inajaza polepole, inachoka, inakuandikia kosa kwenye kioo, inasimama na nguo ndani, mlango umejifunga. Dawa ni kapampu ka kuongeza msukumo, hiyo ni hela nyingine na kitu kingine cha kuharibika.

Kuhusu umeme wengi wanaogopa bure. Injini si tatizo, mlaji ni hita. Kuchemsha lita 15 kutoka joto la kawaida hadi nyuzi 60 ni zaidi ya nusu uniti. Lakini maji ya Dar yanatoka tangini yameshapigwa jua. Ukichagua nyuzi 30 hita inakaribia kukosa kazi. Kama maji ya kisima chako yana chokaa nyingi, hiyo hita ndiyo itakayoganda ukoko.

Ya mapipa mawili haina hita kabisa. Injini za kufua mara nyingi ziko chini ya wati 500. Raundi nne za robo saa ni nusu uniti, chini ya shilingi 200 kwa bei yako. Sharti langu ni moja tu: erthi, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Umesimama pekupeku kwenye maji, umeshika bodi la mashine, soketi ni ile ya ekstensheni iliyofungwa na gundi. Hapana. Soketi yake ya ukutani yenye erthi ya kweli, siyo ile ya mapambo.

MzeeWaUyole (Mbeya)
Vijana mnazungumza nguo kana kwamba watu wanafua kila siku. Kufua ni Jumamosi. Kula ni kila siku. Mimi ningeanza na B.

Huku kwetu tuko juu, mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Maharage ya huku yakiwekwa jikoni asubuhi mchana bado yanakutazama. Presha kuka inapandisha joto kupita 110 kwa sababu mvuke umefungiwa. Maharage makavu, hayajalowekwa, saa moja kasoro kidogo yameiva. Na ndani ya hiyo saa haivuti umeme muda wote. Ikishapata presha inakata, inashika tena kidogo kidogo. Nilisoma mita kabla na baada, haikufika nusu uniti. Mke wangu alikuwa anamaliza mkaa wa buku mbili kwa chungu kimoja.

Lakini si bei iliyonifurahisha. Unaweka, unafunga, unakwenda kanisani.

MamaMapacha (Tabata)
Hapo mzee umenishika. Mashine yangu inaokoa mgongo, ya kwako inaokoa saa.

Chumvini (Likoni)
Assalaam aleikum. Wabara mnaongea maharage tu, hamjagusa nazi! Huku kwetu kazi kubwa ya jikoni ni tui. Mbuzi ya kukunia nipo nayo ya marehemu nyanya, naiheshimu, lakini siku za kazi naikata nazi vipande, naitia kwenye blenda na maji vuguvugu, nachuja. Dakika tano. Ila musiiachilie blenda ya bei rahisi izunguke mfululizo, piga kidogo, pumzisha, piga tena. Yangu ya kwanza niliichoma hivyo hivyo, moshi jikoni, bi mkubwa akacheka hadi akakaa chini.

Na hiyo presha kuka: maharage ya nazi, tui zito lingoje mwisho, kifuniko kikishafunguliwa. Ukilitia mwanzo linakatika na chini linashika, halafu mashine inakulilia.

Kibwiko
Mkuu unaonaje roboti la kufagia? Nimeona linauzwa mtandaoni laki mbili na kitu.

BintiWete (Muscat)
Hilo niachieni mimi. Ninalo hapa Muscat, na kwa hapa lina kazi: nyumba ya marumaru chumba hadi chumba, vumbi la jangwani halina msimu, ukifagia asubuhi jioni unaandika jina lako juu ya meza. Naliwasha nikiwa kazini.

Nilipokwenda likizo Pemba nikalichukua kumfurahisha mama. Kizingiti cha kwanza tu, limekwama. Haya madude kizingiti cha zaidi ya sentimita mbili hayapandi. Nikalinyanyua nikaliweka ukumbini, likameza ukindu wa mkeka. Kisha likaingia chini ya kitanda likanyamaza. Mama akaniuliza, "Sasa huyu anakusaidia au unamsaidia?"

Kaka yangu wa Kinyerezi mwenye mtoto wa miaka miwili, kabla roboti halijapita ni lazima uokote wanasesere, viatu, na waya wa chaja. Ukishainama kuokota vyote hivyo, ufagio uko mkononi tayari. Dekio la ndoo ya kuzungusha linakutosha.

FundiWaNyaya (Ubungo)
Sasa ile swichi ya floti, ambayo nyote mmeipita kama vile si kitu. Mkuu, nani huwasha na kuzima pampu kwako?

BabaNasra (Kinyerezi)
Yeyote aliyepo. Mara nyingi tunakumbushwa na jirani maji yanapomwagika ukutani kwake.

FundiWaNyaya (Ubungo)
Nilijua. Hicho ni kidude cha chini ya elfu ishirini, na kwenye orodha yako yote hakuna kinachofanya kazi bila wewe kama hicho. Kinaning'inia tangini, maji yakishuka kinaangukia chini, pampu inawaka, yakipanda kinainuka, pampu inazima. Hakuna intaneti, hakuna programu ya simu. Pampu ya nusu hospawa ni wati 370 hivi, swichi yenyewe inaimudu. Ikiwa kubwa, weka kontakta, ile swichi nzito inayobeba mzigo wa pampu kwa niaba ya floti. Na kama kisima chako huwa kinakauka kiangazi, weka floti ya pili kisimani ili pampu isizunguke bila maji. Mihuri yake inaungua haraka kuliko unavyodhani.

Wapo watakaokuuzia soketi ya taima badala yake. Ile ya kuzungusha kwa mkono, yenye meno pembeni, usiiguse. Saa yake inaendeshwa na umeme ule ule. Umeme ukikatika saa tatu, nayo inasimama saa tatu, ukirudi inaendelea pale ilipoishia. Baada ya wiki ya mgao, pampu uliyoipangia saa kumi alfajiri inawaka saa nne asubuhi. Ya kidijitali yenye betri ndani haina shida hiyo, ila bado taima haijui kama tangi limejaa. Floti inajua.

MzeeWaUyole (Mbeya)
Fundi umeongea. Naongeza kwa presha kuka: usijaze zaidi ya nusu kama ni maharage, yanafoka na maganda yanaziba tundu la mvuke. Na kifuniko usikilazimishe. Kile kipini kidogo kikishuka chenyewe, ndipo ufungue.

DadaWaKimara
Samahani naingia kati. Nyote mnajibu BabaNasra, lakini anayetaka C ni mama watoto. Yeye anatoka zamu ya usiku. Anachotaka ni kuweka nguo akalale. Mapipa mawili hayampi usingizi. Mmemuuliza?

MamaMapacha (Tabata)
Kweli dada. Basi kaka, hiyo mashine ya mapipa mawili ni yako wewe. Jumamosi. Usimnunulie mwenzio kazi ukaiita zawadi.

BabaNasra (Kinyerezi)
Wakuu, narudi baada ya wiki tatu kutoa mrejesho.

Nilimsomea mama watoto uzi wote. Nilipofika kwa DadaWaKimara akasema huyo ndiye mwenye akili humu. Hesabu ya msukumo wa maji ilimkera, akaenda mwenyewe dukani kusoma kijitabu, akarudi kimya. C imesogezwa mpaka tutakapoinua mnara.

Nikashuka Kariakoo siku ya Jumatatu asubuhi, duka halina watu. Ya mapipa mawili tumepatana laki tatu na ishirini, presha kuka laki moja na arobaini, floti elfu kumi na nane. Jumla 478,000. Dekio tumelisamehe, nauli na soda vimekula kilichobaki. Fundi wa mtaani kafunga floti kwa saa moja na nusu, jirani ameanza kunisalimia tena.

Jumamosi nafua mimi. Raundi nne, saa mbili na nusu pamoja na kuanika, redio ikiwa pembeni. Wiki ya kwanza iliniyumbia ikahama karibu mita nzima, nikakumbuka kile kisahani, kilikuwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni ndani ya boksi.

Presha kuka ndiyo imebadilisha jioni zetu. Anayetoka wa mwisho anaweka, anayerudi wa kwanza anakuta chakula cha moto. Watoto wanalalamika wali hauna ukoko, hilo sijapata dawa yake.

Swali moja: juzi nililoweka maharage usiku kucha, asubuhi nikaweka dakika 45 kama kitufe kilivyoandika, yakatoka uji. Mnaweka ngapi?

MzeeWaUyole (Mbeya)
45 ni ya makavu. Yaliyolowekwa, wewe uliye pwani, anza na 20. Maji yapite juu ya maharage kidole kimoja tu.

Chumvini (Likoni)
Na hayo ya uji musimwage. Tia tui.