D ya alama 30 ni ufaulu? Tujadili

Mdau wa Kibaha: Wakuu, kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka tunaambiwa ufaulu umepanda. Umepanda kwa kipimo gani? D inaanzia alama 30. D ni pointi 4, F ni 5, kwa hiyo D mbili na F tano ni pointi 33, divisheni foo, daraja la mwisho la kufaulu, na cheti anapewa. Masomo matano amefeli, tunamwandika amefaulu! Mimi nasema D ianzie 45.

Mama Tegeta: 45 utawaua watoto wa shule za kata. Umesahau matokeo ya 2012? Zaidi ya nusu walipata divisheni sifuri, nchi ikatikisika, Pinda, waziri mkuu wa wakati ule, akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Kipimo kikali bila vitabu ni kuwaadhibu watoto wa maskini.

Chuma Chakavu: Alama si tatizo. Tatizo ni walimu wa voda fasta. Asiyejua atafundisha nini?

Mwl wa Kata: Chuma, hilo jina ulifute. Nina shahada, nimesoma miaka mitatu. Darasani kwangu wamo zaidi ya mia, somo ni hisabati, kila wiki nasahihisha madaftari yao mpaka usiku. Wewe mara ya mwisho kukanyaga shule ya mwanao ilikuwa lini?

Chuma Chakavu: Sijakutaja wewe, mwalimu. Mbona umeruka?

Mwl wa Kata: Umetaja walimu. Mimi ni mwalimu.

Mzee Kipara: Vijana, voda fasta walikuwa wahitimu wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache. Lowassa alipokuwa waziri mkuu shule za kata zikajaa kila mahali na walimu hawakutosha. Wengi wao walijiendeleza, leo ni wakuu wa shule. Waheshimuni.

Chuma Chakavu: Mzee wangu, shikamoo. Waliojiendeleza nawapa heshima. Ila waliofundishwa nao kabla hawajajiendeleza, nani atawarudishia ile miaka?

Mama Tegeta: Swali zuri, lakini lipeleke kwa waliowatuma darasani, usimtupie mwalimu.

Mdau wa Kibaha: Jamani, turudi kwenye 30! Tumebadilisha madaraja mara ngapi? Ikaja GPA, yaani wastani wa pointi, na madaraja kama Distinction kwenye matokeo ya 2014, Ndalichako alipokuwa waziri wa elimu tukarudi kwenye divisheni. Mtoto yeye aliongeza nini kichwani?

Mwl wa Kata: Hakuongeza kitu, na hilo nakubaliana nawe. Tunawakalisha kambini, wanakariri past pepa, swali likigeuzwa kidogo wanakwama. Mimi nampa mwanafunzi swali la hisabati kwa Kiingereza ananikodolea macho. Nikilisoma kwa Kiswahili, analifanya. Sasa hapo amefeli hisabati au amefeli lugha?

Chuma Chakavu: Kiswahili tena? Watoto wa wakubwa wako English medium, wa kwetu wabaki na Kiswahili, halafu kwenye usaili wa kazi wakutane?

Mama Tegeta: Chuma, sera ya elimu ya 2014 ilishasema Kiswahili kitumike ngazi zote. Haikutekelezwa. Na usaili wa kazi uko mbali, huyu mtoto ana mtihani Novemba.

Mwl wa Kata: Chuma, bado nasubiri ufute lile jina.