Meli ya Desemba: gumzo la familia

Anti Rose: Habari za jioni wote. Ile meli ya Durban imewekwa ofa. Inaondoka 28 Novemba, usiku nne, Pomene kule Msumbiji na kurudi. Semeni kama mko ndani nikate leo leo.

Mama Neema: Tuko ndani 🙌

Kevo: Ndani. Lakini mimi nataka kabini ya peke yangu.

Anko Sila: Ndani ya nini? Kuna mtu amesoma masharti?

Shiru: Afadhali umeuliza, Anko. Anti, usikate bado. Mama Neema, bebi alizaliwa lini?

Mama Neema: 9 Juni.

Shiru: Basi Novemba hapandi. Meli nyingi hazichukui mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 siku ya kuondoka. Safari za kuvuka bahari kuu wanataka awe ametimiza mwaka mmoja. Wanaangalia tarehe kwenye pasipoti, hakuna kubembelezana gatini. Akikataliwa, tiketi yake imeenda, na mama hatamwacha bandarini, kwa hivyo na yake imeenda.

Anti Rose: Ah! Si waseme mapema kwenye tangazo!

Shiru: Wanasema, kwa herufi ndogo. Sasa tafuta inayoondoka kati ya 10 na 14 Desemba. Ukipita hapo shule za Afrika Kusini zimefungwa na bei inapaa.

Anti Rose: Kuna ya 14. Bei iko juu kidogo. Na kuna nyingine ya bei nafuu imeandikwa kampuni itatupangia kabini yenyewe.

Shiru: Hiyo wachana nayo kabisa. Kabini ya kupangiwa ni sawa kwa watu wawili wasiojali. Nyinyi mko wanane na mna bibi, Shosho, wa kiti cha magurudumu. Mtajikuta mmoja sitaha ya 5 mbele, mwingine ya 12 nyuma, na huwezi kulalamika kwa sababu ndiyo uliyonunua. Pia hawawezi kukuhakikishia kabini ya kiti cha magurudumu.

Baba Neema: Shosho si anatembea kidogo? Achukue ya kawaida, kiti kikunjwe.

Shiru: Kikunjwe kila akienda msalani? Mlango wa kabini ya kawaida ni kama sentimita 55 hadi 60. Anti, chukua futi upime kiti cha Shosho kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi mwingine.

Anti Rose: Ngoja.

Anti Rose: 64.

Shiru: Hakiingii. Na kukiacha koridoni hairuhusiwi, ni njia ya dharura. Kabini maalumu mlango wake ni kama sentimita 80, na bafu halina kizingiti. Meli nzima ina chache tu, ndiyo maana hiyo inabukiwa kwanza, hizo nyingine zinafuata. Usianze na za vijana.

Kevo: Vijana tuko chini ya foleni kama kawaida 😂

Shiru: Jambo lingine mwambieni Shosho sasa, asije akalijulia huko. Pomene haina gati. Meli inatia nanga mbali, watu wanashushwa kwa vyombo vidogo. Kiti cha magurudumu kwa kawaida hakishuki. Na bahari ikichafuka hakuna anayeshuka, nahodha anaghairi kituo. Nauli hairudishwi, pengine kodi ya bandari tu.

Shosho: 🎤 (sauti, 0:21)

Anti Rose: Shosho anasema yeye mchanga aliuona Malindi, anataka kukaa juu aangalie maji na aletewe chai.

Shiru: Hapo ameokoa watu wengi presha.

Anko Sila: Turudi kwa pesa. Kabini ngapi?

Shiru: Tatu. Shosho na Anti Rose kwenye ile maalumu. Baba na Mama Neema, Neema na bebi, kabini ya watu wanne. Bebi naye anahesabiwa kichwa kamili hata kama analala na mama, kwa sababu idadi inafungwa na nafasi kwenye mashua za kuokolea watu. Msije mkabuku ya watatu mkidhani atapenyezwa. Halafu Anko na Kevo.

Kevo: Aaaai. Anko anakoroma. Nilisema peke yangu.

Anko Sila: Nakusoma.

Shiru: Kevo, bei unayoiona imeandikwa kwa kila mtu, wawili wakilala pamoja. Ukilala peke yako unalipia na kitanda kitupu, mara nyingi hadi mara mbili. Tuseme ni dola 450, wewe ni 900. Kwa usiku nne.

Kevo: Anko, unapenda kitanda cha dirishani au cha mlangoni?

Shiru: Kama unaogopa kutapika, usihangaike na dirisha. Omba kabini ya sitaha ya chini, katikati ya meli. Huko inayumba kidogo kuliko juu na kwenye ncha.

Kevo: Sawa. Basi mimi naongeza kile kifurushi cha vinywaji.

Shiru: Hapo kuna mtego. Kampuni nyingi zinataka watu wazima wote wa kabini moja wakinunue, ili mmoja asinywe kwa niaba ya wawili.

Anko Sila: Yaani mimi wa soda nilipie bia zake?

Shiru: Za siku zote nne, hata siku mtakayoshinda nje.

Anko Sila: Kevo atakunywa maji.

Mama Neema: 😂😂😂

Anko Sila: Bakshishi je? Niliona mahali wanakata kila siku.

Shiru: Wanakata, na mara nyingi haiko kwenye bei ya tangazo. Inaenda kwenye akaunti ya kabini kila siku, kwa kila mtu. Watoto wadogo hutozwa kidogo au hawatozwi. Tuseme dola 14: watu wazima 6 kwa usiku 4 ni dola 336. Kwa shilingi 130 hiyo ni 43,680. Iweke kwenye bajeti leo, pamoja na kodi ya bandari na bima. Daktari wa melini analipwa kama wa hospitali ya kibinafsi, na bima ya kawaida ya hapa inaweza isimguse. Ulizeni kwa maandishi.

Anko Sila: Basi mchango unapita kwangu. Kumbukeni M-Pesa mwisho ni 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, kwa hivyo atakayengoja siku ya mwisho atume zote kwa mpigo atakwama. Dipoziti lini?

Shiru: Dipoziti siku ya kubuku. Salio, kampuni nyingi wanalitaka siku 60 hadi 90 kabla ya kuondoka. Kwa 14 Desemba, chukulia katikati ya Septemba. Ukijitoa baada ya hapo unakatwa asilimia inayopanda kila wiki mpaka unabaki bila kitu. Ndiyo maana hili neno "niko ndani" halinisaidii. Nisaidieni na picha za pasipoti.

Baba Neema: Viza?

Shiru: Afrika Kusini Wakenya hatuhitaji tangu Januari 2023, ni siku 90 kwa mwaka. Wanachotaka ni cheti cha homa ya manjano kwa yeyote aliyetimiza mwaka mmoja. Bebi hahusiki, na katika umri huo hachanjwi. Neema anahusika. Chanjo inaanza kuhesabika baada ya siku 10, kwa hivyo ukichanjwa wiki ya safari umepoteza muda. Cheti ni cha maisha, hata kile cha zamani chenye tarehe ya mwisho, msilipe mara mbili.

Anti Rose: Shosho hajawahi kuchanjwa hiyo.

Shiru: Basi msimpeleke kuchanjwa tu hivi hivi. Kwa mtu aliyepita miaka 60 anayeipata mara ya kwanza, madhara makali ni nadra lakini yapo zaidi kuliko kwa vijana. Daktari wake aamue. Akikataa, amwandikie barua ya kusamehewa chanjo yenye muhuri, muipeleke kwa kampuni ya meli na ya ndege mapema, mpate jibu lao kwa maandishi.

Mama Neema: Na ndege, tufike Durban asubuhi ile ile?

Shiru: Hapana. Jana yake. Meli haingojei ndege iliyochelewa. Mtaunganisha Johannesburg, na hapo ndipo mnapogonga muhuri wa kuingia nchini, mnachukua mizigo na kuikabidhi upya. Na bebi na kiti cha Shosho, jipeni saa tatu kati ya ndege na ndege. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina ya wazazi wote wawili.

Baba Neema: Nitabeba ekstensheni ya kuchajia na pasi ndogo.

Shiru: Pasi itachukuliwa mlangoni, kwa sababu ya moto. Ekstensheni nayo huenda ikazuiwa. Beba chaja ya USB yenye matundu mengi. Na simu zote kwenye hali ya ndegeni meli ikiachia kamba, mtandao wa baharini ni wa setilaiti na unakula pesa.

Anti Rose: Sawa nimeelewa. 14 Desemba, kabini tatu, ya Shosho kwanza. Tumeni pasipoti.

Kevo: 📷

Mama Neema: 📷 📷 📷

Shiru: Mama Neema, yako ina jina la kwenu. Tiketi itakatwa hivyo hivyo, msiniambie mbele ya safari kwamba mnatumia la mzee.

Baba Neema: 📷

Shiru: Baba Neema, umekata ile mistari miwili ya chini yenye alama za <<<. Piga tena, ukurasa wote, bila kidole.

Baba Neema: 📷

Shiru: Inaisha 2 Aprili. Mnarudi 18 Desemba, na kampuni wanataka miezi 6 mbele, yaani mpaka Juni. Ingia eCitizen, ile tovuti ya serikali, usiku huu, pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, uchukue siku iliyo karibu zaidi ya kwenda ofisi ya uhamiaji, Nyayo House. Kabini ya wanne haikatwi mpaka nione namba mpya.

Mama Neema: Nilimwambia huyu tangu Mei.

Baba Neema: Paswadi ya eCitizen nimesahau. Kuna mtu anajua inarudishwaje?