Namuuguza mama mkwe aliyeniita gumba, lakini moyoni sisikii huruma. Huu ni wema au unafiki?

MamaWawili_Moro:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri, na tafadhali msiniambie "omba tu dada", maana kuomba naomba.

Mama mkwe alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Wifi zangu wako Dar, kila mmoja ana sababu yake, ndipo mume wangu akamleta kwetu. Kumwogesha, kumbadilisha nepi, kumlisha uji wa ulezi kijiko kwa kijiko, kufua mashuka kabla sijafungua genge: yote ni juu yangu.

Huyu mama, nilipochelewa kupata mtoto, aliniita gumba mbele ya wageni. Akamtafutia mwanawe mwanamke mwingine kijijini, akamtaja hadi jina huku mimi nikiwa jikoni nasikia. Hajawahi kuniomba msamaha. Hata sasa maneno yanamtoka kwa shida, lakini anamuulizia wifi mkubwa ambaye hata simu hapigi.

Nimeshamsamehe mbele za Mungu. Simtukani, simnyimi chakula, simwachi alale na uchafu. Ila namhudumia kimya, nikimaliza natoka. Jumapili mchungaji alifundisha Wagalatia 5:22, kwamba utu wema ni tunda la Roho, haulazimishwi. Tangu siku hiyo sina amani. Hiki ninachofanya ni tunda kweli?

Mzee_wa_Usharika:
Shalom binti yangu. Soma 2 Samweli 9 yote, haina hata aya 15. Sauli alimrushia Daudi mkuki, akamsaka nyikani kama mhalifu. Daudi alipokwisha kuwa mfalme akauliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli amtendee mema "kwa ajili ya Yonathani", mwana wa Sauli aliyekuwa rafiki yake. Akaletwa Mefiboshethi, mjukuu wa huyo huyo Sauli, kilema wa miguu yote miwili. Daudi akamwambia usiogope, akamrudishia mashamba ya babu yake, na tangu hapo akawa anakula mezani pa mfalme.

Biblia haituambii Daudi alijisikiaje siku ile. Inatuambia alichofanya, na alifanya kwa ajili ya nani. Wewe unambadilisha nepi mtu aliyekudhalilisha, tena hakuna anayekuona. Maonyesho huwa na watazamaji, binti yangu. Wako wapi wa kwako?

Kaka_Mkweli:
Pole dada, ila mimi naona tofauti. Huyo mama ana mabinti wa kuwazaa. Kwa nini mzigo wote ubebwe na mkwe? Wakristo tumezoea kumtwisha mwanamke mmoja kila kitu halafu tunamsifia kwamba ana moyo. Wagalatia 6:2 inasema "mchukuliane mizigo", na wifi zako nao wanaisoma Biblia hiyo hiyo. Huruma haiji kwa mtu ambaye hajalala. Pumzika kwanza ndipo uupime moyo wako.

Nesi_Zamu_ya_Usiku:
Kaka Mkweli umenena. Mimi nauguza wagonjwa wa kiharusi. Dada, mgeuze kila baada ya saa mbili, na kila unapomgeuza angalia kiunoni kwa nyuma, nyongani na visiginoni. Ukiona pamebadilika rangi na hapatulii, usimlalishe upande huo, mwone mhudumu wa afya mapema. Akila awe amekaa wima, abaki hivyo kama nusu saa. Akipaliwa mara kwa mara mpeleke hospitali. Na usimnyanyue kwa kuuvuta mkono uliopooza, bega linaweza kuteguka. Utegemeze kwa chini.

Jingine: kabla hujamgusa, mwambie unachotaka kufanya. "Mama, nakugeuza sasa." "Mama, maji haya ni ya vuguvugu." Mgonjwa anayegeuzwa bila kuambiwa huogopa. Hapo ndipo ningekuomba ubadilike kidogo, kwenye huo ukimya. Huhitaji kusikia chochote moyoni ili umwambie mtu maji si ya moto.

Bibi_wa_Rozari:
Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu, Luka 6:35 inasema Aliye juu ni "mwema kwa wasiomshukuru, na waovu". Angengoja tushukuru kwanza, nani angekula? Boazi naye, mwenye shamba, hakumgawia Ruthu, yule mjane mgeni, masuke tu. Alimwita chakulani, akawakataza vijana wasimkemee, akawaagiza wamwachie masuke kwa makusudi ili ayaokote mwenyewe. Alimlindia heshima yake. Mkwe wako sasa anavuliwa nguo na mtu aliyemtukana. Unadhani halikumbuki lile neno? Mfunike kanga unapomwogesha, hata kama mko wawili tu.

MamaWawili_Moro:
Asanteni sana, nimesoma huku nalia. Nesi, ya mkono sikuijua, tulikuwa tunauvuta. Leo asubuhi nimemwambia "mama, nakugeuza", akanitazama muda mrefu, akaitikia kwa kichwa. Ya kanga nimeipokea pia.

Kuhusu wifi, mume wangu anaogopa watasema nimemchoka mama yao. Nikiwapigia mimi nitaonekana nalalamika. Nianzeje?

Kaka_Mkweli:
Usianze wewe. Aanze mumeo, maana ni mama yake na ni dada zake. Asiwaulize kama wanaweza, awaambie mahitaji: nepi za mwezi, hela ya mtu wa kukusaidia kufua, na kila mmoja aje kulala na mama kwa zamu. Awapigie kwa pamoja, asikie majibu wote wakiwepo.

Mzee_wa_Usharika:
Nakubali. Na mumeo naye ajifunze kumgeuza mama yake usiku, ili wewe ulale. Mwonyeshe leo leo namna ya kuushika ule mkono.