Daraja la chuma likizeeka: libomolewe au likaguliwe?

Ribiti: Wadau, daraja ambalo kiungo kimoja kikikatika lote linakwenda chini, liendelee kubeba magari kwa sababu tu limekaguliwa? Mimi nasema libomolewe. Silver Bridge, juu ya mto Ohio kule Marekani, lilifunguliwa 1928. Halikuwa na kamba za waya. Lilining'inia kwa mnyororo wa fito bapa zenye tundu kila ncha, mbili mbili kwa kila pingili, zimeunganishwa kwa pini. Desemba 15, 1967 ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi, ndani ya tundu la ufito mmoja, ulifika kikomo. Upande wa chini wa kichwa cha ufito, yaani ile ncha yenye tundu, ukakatika, wa pili ukachanika, ufito pacha ukachomoka kwenye pini. Watu 46 wakafa. Ufa ule usingeonekana bila kufungua kiungo, na nani atafungua kiungo kinachobeba daraja zima?

Kipimapembe: Unalaumu umri, mkuu, kosa ni idadi ya fito. Hercílio Luz la Florianópolis, Brazili, la 1926, ni jamaa yake, ila pingili zake zina fito nne nne. Mwaka 1982 ufito mmoja ulikutwa na ufa, daraja likafungwa likiwa bado limesimama. Baadaye likaegemezwa kwa muda kutoka chini, fito zikabadilishwa, likafunguliwa Desemba 2019.

Ribiti: Toka 1982 mpaka 2019! Hiyo ni makumbusho, siyo barabara.

Mama Bolti: Mmeng'ang'ania minyororo. Daraja la barabara kuu ya I-35W, Minneapolis, Marekani, lilikuwa likikaguliwa kila mwaka, na Agosti 1, 2007 likaanguka, likaua 13. Kutu haikuwa chanzo. Mabamba ya viungo kadhaa, yaani vipande bapa vya chuma vinavyoshikanisha nguzo na mihimili, yalisanifiwa unene wa nusu inchi pale palipohitaji karibu inchi nzima, na siku hiyo kokoto, mchanga na mashine za ukarabati vililundikwa karibu na viungo hivyo dhaifu. Picha za 2003 zinaonyesha mabamba yameshapinda. Mkaguzi anatafuta kutu na nyufa. Hesabu ya msanifu haigusi.

Kwa hiyo toeni michoro ya awali. Kwangueni rangi, pimeni unene wa bamba uliobaki kwa mawimbi ya sauti, hasa pale maji yanapotuama juu ya bamba, kisha pigeni hesabu upya kwa uzito wa leo. Watu hupuuza lami: sentimita 5 mpya kwenye daraja la mita 100 kwa 10 ni zaidi ya tani 110, nazo hazishuki usiku kama malori.

Kipimapembe: Hapo umenipata. Lakini hesabu hiyo haibomoi kitu, inaweka kikomo cha uzito.

Ribiti: Kibao cha tani kinasomwa na dereva gani? Daraja pacha la Silver Bridge, mjini St. Marys, Marekani, lilifungwa kisha likabomolewa 1971, halijaua mtu. Lilikuwa na fito mbili mbili vilevile. Nitajie kipimo ambacho kingeliruhusu lifunguliwe.